Unguja kwa Saa ya Maji: Mwongozo wa Likizo kwa Msafiri wa Siakago

Ukimuuliza mtu wa Siakago, kwetu Mbeere katika Kaunti ya Embu, atakwenda wapi akipata likizo ya baharini, atakujibu Mombasa. Akijitutumua sana atasema Diani. Hakuna ubaya. Lakini kama umeshaiona Fort Jesus ukiwa na sare ya shule, ukairudia ukiwa na chama cha kanisani, na sasa unataka kuvuka mpaka, basi Unguja ndiyo nchi ya nje iliyo rahisi kwako kuliko zote. Viza huhitaji. Saa ni ileile ya Embu, magari yanapita upande uleule wa barabara, na lugha unaijua, ingawa wenyeji watakusikia tu na kujua umetoka wapi.

Usichokijua ni maji. Sisi wa bara hupanga safari ya pwani kwa orodha ya mahali: Jumatatu hapa, Jumanne pale. Orodha hiyo huvurugika siku ya kwanza, kwa sababu upande wa mashariki wa kisiwa ufuo uleule ni bahari alasiri na uwanja wa mchanga asubuhi. Mgeni aliyelipia chumba cha kutazama bahari anaamka, anafungua dirisha, na bahari haipo. Wengine hulalamika mapokezi. Kwa hiyo shauri langu kubwa ni hili: panga siku zako kwa maji kwanza, mahali pafuate.

Kabla hujatoka nyumbani

Kitambulisho cha taifa kinakufikisha Uganda na Rwanda. Tanzania inataka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, na alama za vidole unaweza kuzitoa Embu mjini bila kwenda Nairobi. Usisubiri mwezi wa safari. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo na kadi huulizwa mpakani. Kuanzia Oktoba 2024 Zanzibar iliweka bima ya lazima kwa wageni kutoka nje ya Tanzania, inayouzwa na Shirika la Bima la Zanzibar. Kabla ya kukata tiketi, pata jibu la maandishi kama raia wa Afrika Mashariki nao wanatakiwa kuilipa, usitegemee neno la dereva.

La pili nalisema kwa sababu sisi ni watu wa Siakago, na muguka ni zao letu. Acha muguka nyumbani. Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipoupiga marufuku, Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha amri hiyo, na magari yakaendelea kushuka pwani. Ukishavuka mpaka wa Namanga au Lunga Lunga, mahakama ya Embu haina sauti. Kwa sheria ya Tanzania mirungi ni dawa ya kulevya, na muguka ni mirungi, hata kama ni kifungu kidogo cha kukuweka macho njiani. Kagua mifuko ya koti, kagua begi ulilolibeba juzi ukienda sokoni, na mkague pia mwenzako unayesafiri naye. Mifuko ya plastiki nayo ilipigwa marufuku Tanzania Juni 2019, lakini hiyo tuliizoea kwetu tangu 2017.

Kuhusu majira, likizo za shule hazikusaidii sana. Aprili ni masika. Mvua inayotuotesha sisi hunyesha Unguja pia, tena kwa wingi zaidi, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Zilizo wazi huteremsha bei, na kama huchukii kulowa utapata chumba kizuri kwa fedha kidogo. Agosti upepo ni kusi: hewa baridi ya kupendeza, bahari yenye mawimbi upande wa mashariki, na Wazungu wamejaa kila mahali kwa kuwa ndiyo likizo yao. Desemba kuna joto, watu na bei. Mkulima wa ndengu ana bahati: mavuno ya mvua za Oktoba yakishauzwa, Januari iko mbele yake, upepo wa kaskazi unavuma polepole, maji ni safi na wageni wa Krismasi wamekwisha kuondoka. Angalia tu kalenda ya Ramadhani. Miaka hii imeangukia Februari na Machi, na kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwezi huo mikahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, na kula au kuvuta sigara barabarani ni utovu wa adabu hata kwa asiye Mwislamu.

Njia za kwenda ni tatu. Ndege ya Nairobi hadi Unguja haichukui hata saa mbili. Basi la Dar es Salaam kupitia Namanga hukata usiku kucha na kipande kirefu cha mchana, kisha boti ya mwendo kasi huvuka kwa saa mbili hivi. Ya tatu ndiyo ninayoipenda: treni ya SGR hadi Mombasa (daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024), unalala Mombasa, asubuhi unashika gari la Lunga Lunga na Horohoro hadi Tanga, halafu Dar. Ni ndefu, ila inakuonyesha mwambao wote ukibadilika kidogo kidogo, na anayesafiri na wazazi anapata pa kuwapumzisha.

Boti ichukue asubuhi, bahari ikiwa bado tulivu. Anayetapika garini akae nyuma, karibu na usawa wa maji, atazame mbali. Na usipande chombo kilichojaa kupita kiasi hata kama ndicho cha mwisho. Meli ya MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kuliko uwezo wake; Julai mwaka uliofuata ikazama MV Skagit iliyotoka Dar. Mamia walikufa katika ajali hizo mbili. Kampuni kubwa za boti za sasa zinafuata utaratibu, lakini vipo vyombo vidogo vinavyovusha watu kwa bei ya kuchekesha. Waachie wenyewe.

Shilingi yetu moja hubadilishwa kwa karibu ishirini za Tanzania. Usishtuke ukiambiwa chakula ni elfu kumi. Na kila penye dirisha la tiketi, kabla ya kutoa noti, uliza kama kuna bei ya Afrika Mashariki na uonyeshe pasipoti. Usipouliza utatozwa ya Mjerumani.

Maji kujaa, maji kupwa

Bahari ya Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka ukingo wa juu hadi wa chini ni saa sita na dakika chache, na kwa hiyo kila siku muda husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Leo maji yakijaa saa tisa alasiri, kesho ni karibu saa kumi.

Pamoja na hilo kuna mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Wavuvi huita siku hizo bamvua, na tofauti kati ya juu na chini hukaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu, bahari hutulia, haipandi sana wala haishuki sana; hayo ni maji mafu. Sasa sikiliza sehemu yenye faida kwa mgeni. Katika mwambao huu bamvua ina saa zake: maji huwa yamekupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, na yamejaa karibu na saa kumi alasiri. Maji mafu ni kinyume: yamejaa katikati ya asubuhi, yamekupwa alasiri. Kwa hiyo ukitazama mwezi tu jioni unayofika, unaweza kupanga wiki nzima. Mwezi mpevu? Asubuhi ni ya kutembea miambani na kwenye mashamba ya mwani, kuogelea ni baada ya chakula cha mchana. Nusu mwezi? Ingia majini ukishakunywa chai, mchana nenda msituni au mjini. Hotelini wana karatasi yenye saa za maji. Iombe siku ya kwanza, ipige picha kwa simu.

Hali hii ni kali zaidi pwani ya mashariki: Paje, Jambiani, Bwejuu, Matemwe. Huko mwamba uko mbali, na kati yake na ufuo pana kina kifupi kinachokauka. Nungwi na Kendwa, ncha ya kaskazini, unaweza kuogelea karibu saa yoyote. Mwenye watoto wadogo wanaotaka maji kuanzia asubuhi hadi jioni alale kaskazini, asijitese. Mimi upande wangu ni mashariki, kwa sababu Nungwi kuna muziki mwingi usiku na kila hatua kumi mtu anakuuzia kitu.

Tahadhari moja kwa tuliojifunza kuogelea mtoni Ena au kwenye mabwawa ya Tana. Kule hatari iko kwenye kina. Hapa hatari ni kurudi. Unatembea kwenye mchanga mkavu hadi mwambani, maji ya goti, unaokota hiki, unapiga picha kile, na maji yanaanza kuingia. Hayaji kwa mbele tu. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, na ukigeuka unakuta ulipopita pakavu sasa panafika kifuani. Rudi mara uonapo maji yamegeuka, wala usiende bila mwenyeji. Miguuni vaa sandak, zile za plastiki za kulimia matopeni, kwa sababu mwambani kuna viumbe vyeusi vya mviringo vyenye miiba mirefu, na mwiba ukikatikia unyayoni likizo imekwisha.

Asubuhi ya mwani

Katika safari zote za siku moja, hii ndiyo ya bei ndogo na ndiyo isiyotangazwa. Kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa sehemu kubwa kimekuwa kazi ya wanawake. Siku za bamvua, maji yakishatoka, utawaona Paje na Jambiani wakiingia baharini na kamba na vigingi. Vigingi hupigwa mchangani kwa safu, kamba hufungwa kati yake, na vipande vya mwani huning'inizwa kwenye kamba kwa vifundo. Baada ya wiki kadhaa huvunwa, huanikwa, na kuuzwa kwa wanunuzi wanaousafirisha nje kutengenezwa vitu vya kugandisha vyakula na vipodozi. Pale Paje kipo kituo cha wanawake wanaotengeneza sabuni na mafuta kwa mwani wao wenyewe, na kinapokea wageni kwa kiingilio.

Mkulima wa Mbeere ataelewa upesi. Joto la maji limepanda na aina ya mwani iliyokuwa na bei nzuri imekuwa ikifa karibu na ufuo. Inataka kina kirefu zaidi, na kwenye kina kirefu anatakiwa mwenye kujua kuogelea na mwenye chombo. Wanawake wengi hawana vyote viwili. Waulize bei ya kilo na nani anaipanga, mazungumzo hayatakauka. Ila omba ruhusa kabla ya kuingia kwenye safu zao, na usipige picha ya mtu aliyeinama kazini kana kwamba ni mnyama wa mbugani.

Paje unaweza kwenda kwa gari la hoteli, lakini daladala ipo: 309 inakwenda Jambiani ikipitia Paje, na 116 inakwenda Nungwi kwa upande wa kaskazini. Ni polepole, zimejaa samaki na magunia, na nauli yake ni sehemu ndogo tu ya teksi.

Shamba la viungo

Ziara za viungo huuzwa na kila papasi wa mjini, hao vijana wanaokung'ang'ania bandarini, na nyingi ni za kuharakishwa. Zinapita Kizimbani au Kidichi: unaonyeshwa mdalasini, iliki, kungumanga, pilipili manga, vanila, mtu anapanda mnazi akiimba, unavalishwa kofia ya makuti, unalipa. Mtu wa mjini Nairobi huridhika. Wewe mwenye shamba omba zaidi. Mwambie kiongozi tangu mwanzo kwamba unalima, na kwamba unataka kuona kitalu, kuona uchumaji kama ni msimu, na kuzungumza na mwenye shamba.

Mkarafuu ndio uliolijenga jina la visiwa hivi. Kinachochumwa ni kichala cha maua yasiyofunguka. Ukichelewa yakafunguka, bei imepotea. Huanikwa juani kwenye majamvi hadi yawe meusi na makavu. Mti wenyewe ni mgeni, asili yake ni visiwa vya Moluku huko Indonesia, ukaenea Unguja karne ya 19 chini ya sultani Seyyid Said. Aprili 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ile ya Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi. Ununuzi uko mikononi mwa Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, lililoanzishwa 1968: mkulima hauzii dalali, anapeleka kituoni kwa bei iliyotangazwa. Kwa mtu anayeuza muguka kila alfajiri kwa bei anayoikuta barabarani, hilo ni jambo la kulijadili njia nzima ya kurudi. Sisemi lipi bora. Mkulima wa Pemba naye ana manung'uniko yake.

Karibu na hapo, Kidichi, kuna hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake kutoka Uajemi. Nusu saa inatosha. Nunua viungo vikavu kwa mkulima, si mjini. Miche na mbegu za kupanda usirudi nazo hata ukipewa bure. Bila kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa Kenya, zitaishia mpakani, na magonjwa ya mimea hayana pasipoti.

Mji Mkongwe

Mji uweke siku ambayo maji hayakufai. UNESCO iliutia katika urithi wa dunia mwaka 2000, na vichochoro vyake vitakupoteza. Kubali kupotea, ni mdogo, utatokea tu baharini. Milango ya mbao yenye nakshi usiitazame yote. Chagua mtaa mmoja.

Mahali pa kukaa muda ni Mkunazini. Soko la watumwa lilikuwa hapo hadi Sultan Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga, Juni 1873, baada ya kubanwa na Waingereza. Kanisa kuu la Kianglikana likajengwa juu ya uwanja huo huo, na askofu aliyesimamia ujenzi, Edward Steere, ndiye yuleyule aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Uswidi ya mwaka 1998. Ndani kuna msalaba unaosemwa ulichongwa kwa mti wa mahali ulipozikwa moyo wa David Livingstone, Chitambo, Zambia ya leo. Muumini wa Dayosisi ya Kianglikana ya Mbeere atakuwa na mengi ya kuwaza hapo, na ibada ya Jumapili iko wazi kwa wageni.

Habari ya Mbeere na mji huu haianzi na wewe. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Unguja Januari 1844, akapokewa na Seyyid Said na kupewa barua ya kumtambulisha pwani kabla hajakwenda Mombasa. Mwaka 1851 alikuwa karibu na mto Tana kwa upande wa Ukambani, mahali ambapo mwenyeji wake, mfanyabiashara Kivoi, aliuawa na Krapf akanusurika. Ng'ambo ya mto ule ndiko kwetu. Pembe za ndovu zilizoshuka njia hiyo ziliishia kwenye maghala ya mji unaoutembelea.

Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883, utalitazama kwa nje: mnara na sehemu ya mbele vilianguka Desemba 2020 wakati wa matengenezo. Ngome Kongwe iko jirani, na ndimo linamofanyika tamasha la Sauti za Busara kila Februari. Kisiwa cha Changuu kiko mwendo wa nusu saa kwa mtumbwi wa mashine: gereza lililojengwa 1893 halikutumika kama gereza, likawa karantini, na leo wageni huenda kwa kobe wakubwa waliotoka Ushelisheli. Watoto watafurahi. Mtu mzima asiye na mtoto anaweza kukiruka.

Jioni ni bustani ya Forodhani, penye meza za vyakula. Fika kabla ya magharibi, tazama wanavyopanga meza, zunguka bila kununua. Chagua kinachochomwa mbele yako, uliza bei kabla hakijatiwa sahanini, na usimwache mtu akuchagulie. Kwa baadhi ya wazee wa kwetu ambao hawali kitu kilichotoka majini, mishikaki ya ng'ombe ipo, na chapati ya mayai na nyama wanayoiita pizza ya Zanzibar. Chakula bora cha mji, kwa hukumu yangu, hakiko Forodhani: ni bakuli la urojo kwenye kibanda cha mtaani, lenye ukwaju, bajia, viazi na chipsi za muhogo juu, kwa bei ya wenyeji.

Nyingine kwa kifupi

Msitu wa Jozani, katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa 2004, ndiko waliko kima punju, ambao hawapatikani kwingine ila Zanzibar. Nenda asubuhi, maliza na njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Ukiwa na gari, unganisha na Jambiani siku hiyohiyo.

Ghuba ya Menai, ukitokea Fumba, ni siku nzima ya baharini: dau au ngalawa, fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa, chakula cha samaki kisiwani, kupiga mbizi kwa miwani. Ukichagua safari moja tu ya chombo, iwe hii. Vaa boya la kujiokolea hata kama nahodha anakucheka, na kama maboya hayatoshi abiria, shuka.

Kisiwa cha Mnemba kina samaki wa rangi wengi kuliko Menai, lakini kina boti nyingi kuliko samaki. Kizimkazi watu huenda kufukuza pomboo kwa mashine, boti kumi kwa kundi moja la wanyama, na mimi sikushauri. Nenda Kizimkazi kwa ajili ya msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107, vua viatu, jifunike, toa sadaka. Pingwe kuna mkahawa juu ya jiwe baharini: maji yakipwa unakwenda kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa mtumbwi. Bei ni ya juu. Picha ya ufuoni ni bure.

Ukipata kuwa kule Julai, uliza siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya kijijini Makunduchi. Wanaume hupigana kwa migomba kumaliza magomvi ya mwaka, kibanda kinachomwa moto, wanawake wanaimba. Mgeni anakaribishwa kula, kwa hiyo usije na mkate wako.

Adabu za wenyeji

Kwetu mtu huingia dukani na kusema "nipatie soda". Hukosei, ila Unguja hilo linasikika kama amri. Salimia kwanza, uliza hali, kisha "naomba". Mtu mzima mwamkie shikamoo, hata kama ni muuza samaki. Nguo za kuogelea ni za ufuoni tu; ukiingia kijijini funika mabega na magoti, wanaume pia. Pombe ipo hotelini na baa chache, na hapo ndipo inapokaa; usitembee na chupa barabarani. Ijumaa mchana ni wakati wa swala, usipange kukutana na mtu.

Sasa, kama una siku nne tu na fedha ya kuhesabu: lala Jambiani au Paje, siku moja ya mwani na kuogelea, moja ya Menai, moja ya shamba la viungo, na ya mwisho Mji Mkongwe ukielekea bandarini. Cha kwanza kukata ni Mnemba, kisha Changuu. Shamba la viungo na asubuhi ya mwani usivikate, kwa sababu ndivyo vitakavyokupa cha kuwaeleza majirani wanaolima. Na safari ya kurudi weka siku moja ya ziada kabla ya kazi au kufungua shule: bahari ikichafuka boti husitishwa, na hakuna mwajiri wa Embu atakayekubali kwamba ulizuiwa na kusi.